Programu Mpya ya Kuagiza Maji

Kampuni ya Tiririka, inayouza maji kwa malori katika mitaa ya kitajiri ya Lavington na Muthangari, ilikuwa na programu ya simu yenye sura mbaya. Kusema kweli zilikuwa mbili, moja ya Android na nyingine ya iPhone, na kila kosa lilirekebishwa mara mbili. Sifa yake ilikuwa moja tu: iliuza maji kila siku.

Musili, fundi wa programu mwenye mkataba wa miezi mitatu, akajitosa. Angeiandika upya kwa teknolojia ya kisasa, ile ambayo unaandika mara moja tu na simu za aina zote mbili zinatii. Mkurugenzi, Madam Wangeci, akamwahidi ajira ya kudumu iwapo maagizo hayatapungua wiki ya kwanza. Yapungue kwa nini, jamani, na Musili yupo?

Kwa kuwa ni msomi, alifanya utafiti. Alikunywa chai katika nyumba kumi na mbili za Lavington akiwauliza wenye nyumba wanataka nini. Nao, ambao hawakuwahi kuifungua programu hiyo hata kwa bahati mbaya, walitoa maoni kwa ukarimu mkubwa. Mmoja alitaka rangi ya bahari. Mwingine alitaka tone la maji lichezecheze kwenye kioo. Musili akaandika yote daftarini. Walinzi waliomfungulia mageti aliwaitikia salamu kwa kidevu, akaenda zake.

Jumatatu programu mpya ilizinduliwa kwa keki ofisini, Moi Avenue, ghorofa ya nne. Ile ya zamani Musili aliizima kwa mkono wake mwenyewe, huku wenzake wakipiga makofi. Kufikia saa sita maagizo yalikuwa matatu. Kufikia jioni yalikuwa matatu vilevile.

"Watu bado wanazoea," Musili akasema.

Jumanne akasingizia mtandao. Jumatano akasingizia likizo ya shule. Malori ya kampuni yalikuwa yamejipanga kituoni Kangemi, yamejaa pomoni, madereva wanacheza drafti, na kijana wetu bado anasifu lile tone. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alhamisi asubuhi Madam Wangeci aliingia amejifunga kitambaa kichwani, uso umenuna.

"Musili, kwangu maji imeisha. Nimeosha uso na maji ya chupa. Mimi! Na ndio nauza maji!"

"Pole, Madam. Kwani hukuagiza?"

"Sijawahi agiza. Huwa inakuja tu."

Musili akafungua rekodi za zamani. Kumbe hayo maji yanayokuja tu yalikuwa yameagizwa kutoka namba moja, kila Jumatano, kwa miaka sita.

"Ni Kaindi huagiza, Madam."

"Kaindi ni nani?"

"Hapa imeandikwa ni soja, mlinzi wa gate yako."

Madam akakaza kitambaa chake kichwani. "Mimi humwita soja tu," akasema.

Musili alianza kumcheka moyoni, lakini kicheko hakikufika mbali. Chini ya jina la Kaindi kulikuwa na mwingine, na mwingine tena: soja, mpishi, soja, mtunza bustani, soja. Majina mia tatu na zaidi, aliyoyahamisha yeye mwenyewe hadi kwenye programu mpya, wala hakumpigia simu hata mmoja.

Mchana alikuwa Muthangari, mbele ya geti la Madam. Kaindi, mzee wa mvi, akatoa simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka.

"Hiyo app yenu mpya imekataa kuingia hapa," akasema. "Na hii ya zamani ikaniandikia hivi."

*Simu yako imepitwa na wakati. Tafadhali nunua nyingine.*

Teknolojia mpya haikubali simu za namna hiyo. Musili alijua, akadhani wenye nazo ni wachache, akayaandika maneno hayo huku akinywa soda. Sasa aliyaonea haya.

"Kijana, ni nani aliandika hii maneno?"

Ajira ya kudumu ilikuwa imekwenda, hilo hakuhitaji kuambiwa. Angeweza kusema ni kompyuta. Wangapi husema ni kompyuta?

"Ni mimi, mzee."

Kaindi akamtazama toka viatu hadi utosini, bila haraka.

"Sawa. Basi ninunulie," akasema. "Na ukifika duka, kumbuka hii barabara yote iko na masoja."