Jina la Mikono

Amolo aligonga sakafu ya mbao kwa mguu, mara mbili, na wanafunzi wote kumi na mmoja wa darasa lake la lugha ya ishara wakainua vichwa. Ndivyo viziwi wanavyoitana. Alikuwa amewafundisha hivyo Alhamisi ya kwanza. Ukipiga sakafu, mbao hupeleka mtetemo hadi kwenye nyayo za mwenzako, naye anajua anaitwa. Eddah aliketi mwisho wa benchi, viganja vyake vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai vikiwa vimekunjwa mapajani. Mtetemo ule ulimfikia miguuni, akashangaa tena jinsi jambo hilo lilivyo rahisi.

"Leo ni majina," alisema Clifford. Clifford alikuwa fundi wa simu hapo Litein, mtoto wa baba kiziwi na mama kiziwi, na kila Alhamisi alifunga kibanda chake saa kumi jioni ili aje kuwa sauti ya Amolo, mwalimu aliyekuwa kiziwi. "Mwalimu anasema kila mtu atuambie amekuja kujifunza kwa sababu ya nani, na huyo mtu anaitwaje."

Baba mmoja alitaja mjukuu wake. Mwalimu wa Sunday school akataja watoto wawili wa darasa lake. Zamu ikafika mwisho wa benchi.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya msichana wangu, Fancy," alisema Eddah. "Alifariki mwezi wa nne."

Amolo, mwanamke mrefu mwenye sindano zilizochomekwa kwenye kola kwa sababu alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani, alimtazama. Kisha mikono yake ikasema kitu kifupi.

"Anasema Fancy ni jina la kitambulisho," Clifford alieleza. "Anauliza jina lake la mikono."

Eddah alifanya ile ishara aliyoijua. Aligusa sikio kwa kidole, kisha akalifunika kwa kiganja kama mtu anayefunga mlango. Ndivyo nyumba nzima ilivyomtaja Fancy kwa miaka thelathini na mmoja. Ukiuliza ni nani amekamua ng'ombe, mtu anagusa sikio. Ukiuliza ni nani amepeleka majani, mtu anagusa sikio.

Clifford alishusha sauti. "Mama, hiyo ni kusema kiziwi tu. Ukiita hivyo hapa Litein wataitika watu hamsini."

Hakuna aliyecheka. Amolo alisogea mbele ya benchi, akainua kidole cha shahada, akakiweka juu ya jicho lake la kushoto, akakipitisha mara moja, kwa mshazari, kukata nyusi hadi karibu na kipaji cha uso. Akarudia polepole ili Eddah aone vizuri.

Eddah alikuwa ameiona ishara hiyo. Siku ya mazishi viziwi karibu arobaini walikuja kutoka Kapsoit, Bomet na Chepilat, wakasimama kando ya kaburi kwenye mvua, na mmoja baada ya mwingine wakapitisha kidole juu ya jicho. Yeye alidhani wanajifuta maji ya mvua. Kumbe walikuwa wanamwita mtoto wake, naye mama alisimama pale katikati yao asijue.

Lakini si hilo lililomfanya ainuke. Aliinuka kwa sababu aliijua hiyo alama kwenye nyusi za Fancy. Alichukua mwavuli wake, akamwambia Clifford amekumbuka ng'ombe hajakamuliwa, akatoka.

*

Ilikuwa zamani, Fancy akiwa na miaka saba. Hakuwa ameanza shule. Alikuwa anafuata mama yake kwenye shamba la chai, akijaza kikapu chake kidogo kwa majani mawili na kichipukizi kama mtu mzima. Eddah alipotaka kumwita, hakuwa na njia nyingine ila kumrushia bonge la udongo mgongoni. Fancy aligeuka, mama akaonyesha kwa mkono, na kazi ikaendelea. Watu wa kilima kile waliizoea. Wengine walisema kwa utani kwamba Mama Fancy anapanda mtoto kama mche.

Siku hiyo upande mmoja wa shamba ulikuwa umepogolewa. Mvua ilikuwa imefunga kwenye vilima, na gari la kiwanda lilikuwa limeshapiga honi kule kituo cha majani. Majani yakichelewa yanabaki, na yakibaki yanaungua kikapuni. Eddah alirusha udongo, ukakosa. Akarusha tena. Mtoto alikuwa ameinama, anatazama kinyonga. Hasira ikampanda mama, akainama bila kutazama, akaokota kilichokuja mkononi, akakirusha kwa nguvu. Kilikuwa kipande cha tawi la chai, kilichokatwa kwa panga, chenye ncha. Na wakati huohuo Fancy akageuka.

Kwenye zahanati alisema mtoto ameangukia kisiki. Baba yake Fancy naye aliambiwa hivyohivyo, na aliingia kaburini akiamini hivyo. Jeraha lilipona, nywele za nyusi hazikuota tena pale. Kila usiku kwa miaka mingi Eddah alimwambia Mungu ukweli, naye aliamini Mungu amemsamehe, kwa kuwa ameahidi. Lakini kwa Fancy mwenyewe Eddah hakuwahi kuomba msamaha. Angemwomba kwa maneno gani? Hakuwa na hata moja ambalo mtoto angelipokea.

Na maneno yalikuja hadi mlangoni, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwaka uliofuata Fancy alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, na kila likizo alirudi na mikono iliyojaa habari. Alimshika mama kidevu, akamgeuza uso, akamwonyesha: maji. Chai. Ng'ombe. Mama. Eddah alitazama mara moja au mbili, akatabasamu, akachukua kikapu. Majani yananingoja, alisema. Tutasoma baadaye. Fancy aliendelea kuleta mikono yake hadi karibu miaka kumi na tano, halafu akaacha. Alikuwa mtoto mwema nyumbani, na kila Jumapili alikwenda Litein kwenye ibada ya viziwi, akirudi jioni na uso wa mtu aliyezungumza akatosheka. Jumapili moja ya mwezi wa nne pikipiki ilitoka nyuma yake barabarani, ikipiga honi.

*

Alhamisi mbili Eddah hakwenda darasani.

"Mwanafunzi amefukuzwa shule?" Bosibori alimtania kwenye kituo cha majani. Bosibori alikuwa jirani yake, mke wa mwenye shamba la upande wa pili wa ua, mdomo wake haukupumzika hata akipanga majani mezani. "Ama umekosa karo?"

"Nimechoka tu."

"Ningechoka pia. Mtu wa miaka sitini na moja kujifunza kurusha mikono." Bosibori alichambua jani gumu, akalitupa chini. "Lakini niambie, Mama Fancy, usikasirike. Msichana amekwenda. Sasa unajifunza kuongea na nani?"

Karani aliita jina la Eddah kwenye mizani. Alibeba kikapu chake. Swali hilo alilibeba pia, hadi nyumbani, na alipopiga magoti jioni hakuweza kulitoa mbele ya Mungu, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Jumamosi mbwa alibweka langoni. Alikuwa ni Amolo, na Clifford nyuma yake akikanyaga matope kwa viatu vya mjini. Eddah aliwakaribisha, akaweka chai, akawapa viti karibu na moto. Amolo hakuzunguka mbuyu.

"Anasema Jumamosi ijayo ni mwisho wa wiki ya viziwi," alisema Clifford. "Tunakumbuka watu wetu waliokufa. Kila jina linaletwa mbele kwa mikono, na mwenye kulileta anatakiwa awe mtu wa nyumbani. Ndiyo desturi. Lakini watu wa nyumbani hawaji, kwa hivyo marafiki ndio huleta. Miaka kumi na moja tumefanya hivyo, hakuna hata mama mmoja amewahi kuja. Mwalimu alikuwa amefikiri mwaka huu atakuja mmoja."

"Mwambie siwezi."

"Anaona kwamba huwezi. Anauliza kwa nini."

Eddah alitazama mikono yake. Halafu akamgeukia Amolo mwenyewe, si Clifford, akasema yote. Udongo, gari la kiwanda, kinyonga, tawi. Alisema jinsi alivyodanganya zahanati, jinsi alivyomdanganya mume. Clifford alitafsiri, na mikono yake ilikuwa inapunguza mwendo kadiri hadithi ilivyosonga. Alipofika kwenye tawi alisimama kidogo, akaifuta midomo, akaendelea.

"Mimi ndiye niliyemkata hapo," alisema Eddah. "Nyinyi mmemwita kwa mkono wangu maisha yake yote. Nitasimamaje mbele ya watu niinue kidole hiki?"

Amolo aliweka kikombe chini. Kuni moja ikaanguka motoni. Alipoanza, alizungumza polepole.

"Anasema yeye aliijua," Clifford alisema.

"Aliijua nini?"

"Hiyo ya tawi. Anasema Fancy alipoletwa shuleni, yeye Amolo alikuwa msichana mkubwa, bwenini. Wakubwa waliowatangulia walichapwa mikono na walimu, walikatazwa ishara kabisa, wakawa wanapeana majina nyuma ya vyoo. Walimu walikuja kubadilika lakini desturi ilibaki. Mtoto mpya anapelekwa nyuma ya vyoo, anapewa jina." Clifford alimtazama Amolo, akangoja, akaendelea. "Wakamuuliza Fancy kovu ni la nini. Hakuwa na lugha bado, alikuwa anaigiza tu. Aliigiza mama. Aliigiza kurusha. Kisha akafanya hivi."

Amolo alifanya mwenyewe: kiganja kikaelekea chini, vidole vikavuta hewa kumwelekea. Njoo.

"Mama alikuwa ananiita," alisema Clifford. "Ndivyo alivyowaambia."

Mvua ndogo ilianza kwenye mabati. Eddah alishika ukingo wa kiti.

"Anasema wasichana wengine walimwonea wivu," Clifford aliongeza. "Wengi wao hawakuwahi kuitwa. Waliachwa tu pale walipokaa."

"Muulize kama alikuwa na hasira nami."

Amolo alifikiri. Eddah alimwona akifikiri kwa kweli, akitafuta nyuma miaka yote ile, na alimheshimu kwa hilo.

"Anasema hajui. Fancy hakusema zaidi ya hapo."

*

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Ukutani walikuwa wamebandika picha za wanafunzi wa kwanza wa shule ya viziwi kwenye karatasi za manila: wavulana waliovaa kaptura kubwa, wasichana walionyolewa, mikono yote imewekwa nyuma mgongoni. Mzee mmoja alisimama mbele ya picha hizo na kuwaonyesha vijana jinsi kiboko kilivyoshuka kwenye vidole, kisha jinsi walivyokuwa wakinong'ona kwa vidole hivyohivyo chini ya blanketi, na vijana walicheka na kufuta macho.

Kisha majina yakaanza. Mmoja alitembea mbele, akainua mikono, akalileta jina, na ukumbi wote ukalirudia. Jina la mtu aliyependa kuvuta mashavu. Jina la mtu aliyetembea akiinamisha bega. Hapakuwa na sauti isipokuwa nguo zikisuguana na benchi.

Mguu wa Amolo uligonga mbao mara mbili. Eddah aliusikia mtetemo kwenye nyayo zake.

Alitembea hadi mbele. Watu walimtazama jinsi viziwi wanavyotazama, kwa uso mzima, bila kuondoa macho. Aliinua mkono wake wa kulia, uleule wa siku ile. Kwanza alifanya alichofundishwa: mama, mimi. Kisha akaweka kidole juu ya jicho la kushoto, akakipitisha kwenye nyusi. Alikipitisha polepole mno; hakukiondoa mapema.

Vidole mia moja vikainuka. Ukumbi mzima ulilikata lile kovu kwenye nyuso zao, wazee na watoto, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alilifanya kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umemshika mtoto. Hakuna aliyejifuta mvua.

Alifika nyumbani kabla jua halijazama. Hakuingia ndani. Alipita katikati ya mistari ya chai hadi mwisho wa shamba, kando ya ua wa saiprasi, pale udongo wa kaburi ulipokuwa umeanza kushuka kwa mvua. Bosibori, aliyekuwa akirudi kutoka mtoni na mtungi, alisimama upande wa pili wa ua, akautua mtungi.

Eddah alivua gamubuti la kulia. Udongo ulikuwa baridi. Aliinua mguu, akaupiga chini, mara mbili, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba anayoijua. Kisha akaweka kidole juu ya jicho, akasimama hivyo, akangoja.