Shamba la Mageni

Nilirudi kutoka Chato, nilikokwenda kumwona binti yangu, nikakuta shamba langu jeupe kama uwanja wa mpira. Machipukizi yote yaliyokuwa yameota kwenye visiki yalikuwa yamefyekwa na kupangwa kama kuni kando ya nyumba. Kwenye kamba ya nguo vilining'inia vitambaa vyangu vyekundu, vimefuliwa vikatakata.

Jirani yangu Mageni alikuwa amesimama hapo, jembe begani, anatabasamu.

"Shikamoo, mayu! Umeona? Nimekusafishia kabla hujapanda. Hata yale matambara watoto waliyofungafunga kwenye vichaka, nimeyafua."

"Marahaba, mwanangu. Wabeja," nilimshukuru, kisha nikatafuta kigoda nikae.

Mageni alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu Geita kwa misimu miwili. Muda wote huo nilimpelekea mama yake uji kila asubuhi. Hii ndiyo ilikuwa asante yake. Ningemwambiaje?

Vile vitambaa nilivifunga mimi. Goodness, binti wa idara ya misitu, alitufundisha akina mama kwamba mvua siku hizi zinachelewa na kuondoka mapema, na jua linakausha udongo ulio wazi. Tuache visiki vilivyo hai vichipue, tuchague machipukizi machache yenye nguvu, tuyafunge kitambaa ili mtu asiyakate. Mwaka jana mahindi ya wengi yalikauka. Yangu, kwenye vile vivuli, yalibeba.

Kesho yake akina mama wa Ushirombo walikuwa wanakuja kuona. Walikuwa wamemwambia Goodness wazi: bila kuona kwa macho, hawaachi mti shambani.

Asubuhi Goodness alitangulia kufika. Alishika kichwa.

"Bibi! Nani kafanya hivi?"

"Mtu mwenye moyo mzuri. Nyamaza kwanza."

Mara gari likafika, wageni wanaimba. Mama Eunice, kiongozi wao, aliangaza macho huku na huku.

"Ndiyo msitu wenyewe huu? Mbona hata kichwa cha mume wangu kina nywele nyingi kuliko hapa!"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini baadhi yao walishaanza kurudi garini. Hapo macho yangu yakavuka njia, yakatua kwenye shamba la Mageni. Misimu miwili halikuguswa, na kijiji kizima kililicheka. Nilikuwa nalipita kila siku na uji wangu. Sasa ndiyo nikaliona: migunga na mininga, kila kisiki kimechipua.

"Mageni, mwanangu, tuazime shamba lako," nilimwambia, maana naye alikuwa amekuja kuwatazama wageni.

"Lile? Mayu, usiniaibishe mbele ya wageni! Hata fisi anaona haya kupita pale."

"Lete panga."

Goodness alielewa, akaongoza njia. Chini ya machipukizi alifukua majani kwa mkono. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha wiki iliyopita. Njiani palishakuwa vumbi, ila pale udongo ulikuwa bado na unyevu. Mama Eunice aliinama, akaushika, akaupitisha kwa wenzake. Hakuna aliyetania tena.

Kisiki cha kwanza alipewa Mageni.

"Bakiza matatu yaliyonyooka," Goodness alimwelekeza.

Alikata vizuri. Kisha nikampa kitambaa chekundu afunge. Akakitazama, akanitazama, panga likamdondoka.

"Mayu... kumbe yale matambara..."

"Umeyafua vizuri sana. Funga."

Akina mama wakagombea visiki mpaka vitambaa vikaisha. Mama Eunice akachana pindo la kitenge chake.

"Mume wako akiuliza?" mwenzake akamchokoza.

"Nitamwambia kimeliwa na mti. Na visiki vyetu asiving'oe tena, aniachie."

Jioni Goodness alikagua visiki vyangu. Mizizi ilikuwa hai. Mvua zikiendelea vitachipua tena.

"Vya kwako nitavilinda mwenyewe, mayu," Mageni aliapa. "Sitagusa hata jani."

"Na jembe lako?"

"Nimempa mama alifiche."