Eda ya Bwana Korado

"Eda ya nani?" Bi Ghania aliuliza kwa mara ya nne asubuhi ile, mikono kiunoni. "Hebu nitajie jina lake nilisikie. Eda ya Mtaliani?"

"Ya mume wangu," alisema Zuweina.

"Mume! Umempikia nini huyo mume? Hata kikombe cha maji hujamtilia. Mie nilikaa eda ya baba yako, nimezaa naye watano na kuzika watatu. Ile ndiyo eda. Weye wataka kukaa eda ya picha!"

Zuweina alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Miaka ishirini na mitano, na bado alijua kubishana kwa sauti ya chini, ubishi ambao mama yake hakuuweza kabisa.

"Eda ya kufiwa haiulizi kama mlilala pamoja, Mama. Mtu akishaozwa, mumewe akifa, anakaa miezi minne na siku kumi bila pambo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Hilo lilimchoma Bi Ghania, maana nusu ya wasichana wa mtaa wa Tibirinzi walijifunza mambo hayo barazani kwake. Alichukua ufagio akafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa.

Habari ziliingia Jumatatu, pamoja na gazeti kutoka Unguja. Bwana Korado, mtengeneza sinema mashuhuri, amefariki Roma tarehe nane ya mwezi uliopita. Hata adhuhuri haijafika, Chake Chake nzima ilikuwa inamkumbuka, na imegawanyika pande mbili. Hawa wanasema alikuwa mtu wa watu, aliwagawia watoto kwinini ya homa, akatundika shuka bomani akawaonyesha sinema bure. Wale wanasema laana imfuate: alitaka mchezo wa ng'ombe urudiwe mara tatu ili apate picha anayoitaka, mara ya tatu fahali akamvunja Jaribu, mcheza ng'ombe, nyonga, na Mtaliani hakuacha kuzungusha mpini wa mashine yake ya picha. Kisha akaenda Uhabeshi akaipiga picha vita kana kwamba ni harusi. Gazeti lenyewe lilimsifu mstari mmoja, likamlaumu mstari wa pili.

Bi Ghania hakuwa na haja ya gazeti. Miaka saba nyuma mtu huyo alikunywa kahawa kwenye baraza yake. Alitaka picha ya harusi ya Kiarabu, na Thuwein, mumewe, aliyependa sifa kama nzi apendavyo sukari guru, akasema nyumba ipo na binti yupo, mradi atafunikwa. Mzungu aliyekuja kucheza bwana harusi akashikwa na homa Wete. Bwana Korado akavaa kanzu na kilemba mwenyewe. Shehe Hashil akaapa kwamba haozeshi kafiri hata kwa mchezo. Mtaliani akacheka, akatamka shahada mbele ya watu, akapewa jina la Abdalla. Ndoa ikasomwa. Wingu likapita, akataka irudiwe. Mwenye kushika taa akapiga chafya, ikarudiwa tena. Baada ya siku nne Abdalla akapanda meli, akawa Korado tena, na Thuwein akawaambia wote waliouliza: mchezo tu.

Mchezo tu. Lakini wachumba walipita mbali. "Mke wa sinema," walimwita. Mpaka mwaka huu alipotokea Othman, karani wa forodha Tanga, mtu wa Mtambile kwa asili, aliyeisikia hadithi yote akacheka na kusema yeye haogopi shuka jeupe. Harusi Ijumaa. Leo Jumatano. Likizo yake inakwisha Jumanne.

"Nakwenda kwa Shehe," alisema Bi Ghania, akautupa ufagio. "Alilianza yeye, alimalize yeye. Buibui langu liko wapi?"

Hakuhitaji kwenda mbali. Shehe Hashil alikuwa njiani kuja kwake, fimbo mkononi, na kwa jinsi alivyosimama mlangoni bila kupiga hodi, Bi Ghania aliona kwamba naye hakulala vizuri tangu Jumatatu.

"Karibu, Shehe. Nina swali moja na nataka jibu la neno moja. Ile ndoa ilikuwa ndoa au haikuwa?"

Mzee aliketi, akaiweka fimbo magotini.

"Bi Ghania, ndoa haina mzaha. Mtume ametufunza. Anayeitamka kwa mchezo imempata."

"Basi ilikuwa."

"Ilikuwa, kama yule mtu alikuwa Mwislamu. Shahada aliitamka, nilimsikia kwa masikio haya. Alichokusudia moyoni ajuaye ni Mungu. Na Thuwein, Mungu amrehemu, alikusudia kuoza au alikusudia picha? Yeye ndiye walii wa binti."

"Yuko kaburini."

"Na mwenzake yuko kaburini."

"Na wewe uliye juu ya ardhi, Shehe, wasemaje?"

"Mimi sijui," alisema Shehe. "Nilisoma hotuba yote, sikuruka neno. Nilimwambia Thuwein siku ile ile, mdai huyu mtu talaka kabla meli haijang'oa nanga, roho yangu itulie. Akaniambia, Shehe, wewe nawe umeingia kwenye sinema? Nikaona haya, nikanyamaza. Kosa langu hilo, sijui nitalijibu vipi mbele ya Mola."

"Hasha!" Bi Ghania aligeuka akauambia ukuta, maana hakutaka kumfokea mzee. "Mtu apige picha ya fahali, apige picha ya karafuu, apige picha ya paka wa jirani. Talaka tu ndiyo ilimshinda kupiga picha!"

Bi Ghania alizoea mambo yanayoshikika: jino likiuma ling'olewe, paa likivuja liezekwe. Hili halikuwa na pa kulishika. Watu wawili walikwenda na funguo, na yeye aliyebaki mlangoni hakuwa na hata pa kugonga.

"Mama," alisema Zuweina kutoka chumbani. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, Shehe asimwone. "Umewauliza wote isipokuwa mimi."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba aliingia chumbani na ile mashine nyuma yake akaniuliza kama naridhia. Mara ya kwanza nilicheza. Ya pili nilicheza, tena nilitaka kucheka. Ya tatu... ya tatu sikucheza. Niliridhia kweli. Alinitazama kama mtu anayeona kitu, Mama. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Nilikuwa mjinga, lakini niliridhia."

Bi Ghania alilisogelea pazia.

"Miaka saba! Miaka saba umelimeza hilo? Na nilipokuuliza habari ya Othman?"

"Nilinyamaza. Ukasema kimya cha mwanamwali ni ndiyo. Kilikuwa kimya cha mtu asiye na njia. Ningeolewaje hali mume wangu yu hai? Na ningemwambia nani, wakati Baba anacheka mpaka machozi? Namtaka Othman. Namtaka hasa. Ndiyo maana sitaki kuingia kwake na shaka. Nikizaa mtoto, Mama, kila nikimtazama nitajiuliza."

Shehe Hashil aliinamisha kichwa. Bi Ghania alihesabu kwa vidole bila kujijua. Miezi minne na siku kumi, tangu tarehe nane ya mwezi uliopita. Jumanne haimo. Jumanne haimo kwa hesabu yoyote. Alitaka mtu wa kumlaumu, na kila aliyefikiwa na mkono wake alikuwa ama maiti, ama mzee anayetetemeka, ama mwanawe.

"Hodi wenyewe!" Sauti ya furaha barazani. Ilikuwa ya Kazija, dada yake Othman, aliyekuja kuwataka mavazi ya bibi harusi akayatie udi. "Bi Ghania, mmelala? Fundi wa hina anauliza aje kesho saa ngapi!"

Zuweina alikuwa amekwisha sema.

Bi Ghania alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akatoka barazani, akaufunga mlango nyuma yake.

"Kazija, mwanangu, fundi asije. Ijumaa hakuna harusi."

"Una utani, Bi Ghania!"

"Sina. Binti yangu amefiwa na mume. Yumo edani."

"Yule wa sinema? Lakini ninyi wenyewe mlisema..."

"Tulisema. Tulisema vibaya."

"Othman anaondoka Jumanne. Forodha hawamngojei mtu. Na yeye sijui kama atangoja."

"Najua. Mwambie ukweli wote, usimpunguzie. Akitaka kungoja, tarehe nitampa. Asipotaka, simlaumu."

Alisimama hapo mpaka Kazija alipoteremka ngazi na kushika njia ya sokoni. Kisha akarudi ndani, akampita Shehe, akaingia chumbani kwa mwanawe, akamshika mkono, akaanza kumvua bangili moja baada ya nyingine.