Rangi Iliyoishia Magotini

Wasiwasi si dhambi, lakini wasiwasi usiojua pa kwenda ni kama mbwa anayembwekea mgeni mlangoni huku mwizi anaingilia dirishani. Yaliyompata mama mmoja ayasikie kila mwenye mume, mwenye baba, au mwenye babu anayejisifia macho.

Mama huyo watu walimwita Bi Wasiwasi. Jina alipewa na mumewe, tena kwa haki. Mjukuu akipiga chafya moja, yeye ameshatoa sweta. Sufuria ikianguka kwa jirani, yeye anatoka mbio kuangalia kama watoto wake wazima. Mumewe alikuwa fundi saa, na jina likawa hilo hilo, Fundi Saa. Nywele zilikwisha kuwa pamba, lakini bado alikaa kwenye meza yake sebuleni akiokota kwa kibano vigurudumu vya saa vidogo kuliko ufuta. Hata uzi kwenye sindano, mtungaji alikuwa yeye.

"Macho haya," alipenda kusema, "yakiuzwa, tajiri atakopa."

Nani angembishia?

Gari lao lilikuwa la kijivu. Kila asubuhi ya shule Fundi Saa alimpeleka mjukuu wao Kidoti, wa miaka sita, kisha akapitia sokoni. Sasa mwezi ule, mara mbili, akakutwa kwenye maegesho anahangaika na ufunguo kwenye mlango wa gari la mtu. Mara ya pili mwenye gari alikuwemo ndani, anakula ndizi.

"Magari yote siku hizi ya kijivu kama panya," alijitetea. "Mtu atajuaje lake?"

"Kwa namba, Baba," akasema binti yao, mama yake Kidoti, aliyekuwa muuzaji wa vipuri vya magari. "Namba ziko pale chini, kubwa kama mikate."

Wakacheka wote mpaka machozi. Bi Wasiwasi naye alicheka. Kicheko hicho baadaye alikijutia.

Binti akasema dawa ya panya ipo: rangi ya kubanduka. Unaipulizia kutoka kwenye kopo, ikikauka inakuwa kama ngozi ya mpira juu ya bodi. Ukiichoka unaishika pembeni, unaivuta, inatoka kama ganda la ndizi, na rangi ya zamani unaikuta chini yake salama. Kazi ya kufanyia nyumbani. Fundi Saa akachagua manjano ya kiini cha yai.

Jumamosi asubuhi gari likaoshwa, likakaushwa, likaingizwa kwenye banda la uani lisilo na kuta. Vioo, taa na matairi vikafunikwa magazeti na kubandikwa utepe wa karatasi. Bi Wasiwasi alikwisha kulisoma kopo zima, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akazima jiko. Akafungua madirisha yote, kisha akayafunga, kisha akayafungua tena.

"Mama, jiko liko ndani, sisi tuko nje," binti akasema.

"Moto una miguu, mwanangu. Na hiyo barakoa ipandishe, pua yote iko nje! Kidoti, wewe kaa hapa kwangu."

"Bibi, mimi nataka kutikisa makopo."

"Utatikisia hapa hapa."

Binti alichukua ubavu wa kulia, baba wa kushoto. Mpako wa kwanza wa rangi unakuwa mwepesi, kama pumzi kwenye kioo. Inayofuata mizito, yenye maji maji. "Msibane rangi," binti alionya. "Ikiwa nyembamba, siku ya kuibandua itatoka vipande vipande kama ngozi ya mgonjwa wa surua." Wakapuliza, wakangoja ikauke kidogo, wakapuliza tena, mara tano. Fundi Saa alikwenda kwa mwendo wa mtu anayepiga pasi, mkono umenyooka, macho mbele, akiimba kwa pua.

"Nimemaliza!" akatangaza. "Njooni muone kazi ya mkono uliozoea saa. Hakuna hata tundu la sindano."

Utepe hutolewa rangi ya mwisho ikiwa bado mbichi, ili ukingo usiraruke. Bi Wasiwasi akaenda ubavu wa kushoto kupokea magazeti. Akasimama.

Kuanzia paa mpaka katikati ya milango, manjano ilikuwa safi, imetulia, kushinda hata ya binti. Lakini kuanzia usawa wa magoti kwenda chini, gari lilikuwa bado la kijivu, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Mipako yote mitano iliishia pale pale.

Binti akaja, akashika kiuno. "Ee Baba! Umelivalisha sketi fupi!"

"Wapi?"

"Hapo chini."

Fundi Saa akainamisha kichwa chote, kidevu kikagusa kifua. "Aa. Hapo," akasema. "Kopo liliisha." Akalitupa kopo, nalo likalia ndani, bado lina rangi.

Mzee mvivu huacha hapa na pale. Huyu hakuacha hapa na pale. Bi Wasiwasi akaanza kuhesabu. Beseni mumewe alilolipiga teke juzi, akafoka nani kaliweka njiani. Kizingiti alichojikwaa nacho, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Namba za gari, kubwa kama mikate.

Kidoti alikuwa amechuchumaa mbele ya viatu vya babu yake, anaokota mabaki ya utepe.

"Kidoti yuko wapi?" Fundi Saa akauliza, akitazama mbele kuelekea lango. "Asije akagusa rangi mbichi. Kidoti!"

"Niko hapa, Babu."

Akashtuka, akarudi nyuma hatua moja.

Mtoto alicheka, akadhani ni mchezo. Bi Wasiwasi hakucheka. Aliliona lango la shule saa moja na nusu asubuhi, vitoto vinatoka katikati ya magari, kila kimoja kimo chake ni cha kiunoni. Akamtuma Kidoti akanawe mikono. Aliogopa kumvunjia mumewe heshima mbele ya binti yao, lakini hofu ya lango la shule ilikuwa kubwa zaidi.

"Mume wangu," akasema, "simama hapo. Niangalie usoni. Usishushe macho."

"Kuna nini tena, Bi Wasiwasi?"

"Niangalie tu pua. Nimeshika nini?"

Alikuwa ameshika kopo la rangi usawa wa tumbo, mikono yote miwili, lile la manjano kali.

"Hujashika kitu."

Binti akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya, shusha macho."

Akashusha. Akaliona. Hasira ikampanda kwanza, maana hasira kwa wanaume wengi ndiyo mlinzi wa mlango wa woga. "Unanifanyia mazingaombwe mbele ya mwanangu! Mimi naona nukta kwenye uso wa saa ya mkononi! Niilete sasa hivi nikuonyeshe?"

"Najua unaiona. Katikati unaona kuliko sisi sote. Ndiyo maana hatukujua, na wewe hukujua. Lakini chini pamekwenda wapi?"

Fundi Saa akageuka, akaangalia tena ubavu wa gari, safari hii polepole, akishusha uso kidogo kidogo na kuupandisha, mpaka akapata mahali dunia yake inapokatikia. Akapima mara tatu, kama fundi anayehakikisha. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Jana mtu alinipigia honi karibu na shule," akasema kwa sauti ndogo. "Nikamtukana."

Bi Wasiwasi akachuchumaa mbele yake, halafu akakumbuka kwamba chini haoni, akapiga magoti ili uso wake ufike usawa wa uso wa mumewe. Fundi Saa akamtazama.

"Sasa ninachokiona vizuri ni uso wako tu," akasema. "Mwizi aliyeniibia ana huruma. Kaniachia kitu cha thamani."

"Mzee wewe, hata leo!" Akacheka na kulia pamoja. Mumewe akatoa ufunguo mfukoni, akaupapasa, akampa binti yao bila kuambiwa.

Jumatatu daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni, kwake ikianzia chini, kimya kimya, na mtu hujiona mzima kwa sababu katikati panabaki. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, lakini dawa ya matone kila siku italinda kilichobaki. Kwa hiyo mama mwenzangu, baba akianza kupiga teke mabeseni, usicheke. Usingoje kopo la rangi. Mpeleke akapimwe, hata kama anatunga uzi gizani.

Kidoti sasa hupelekwa shule kwa miguu, babu upande mmoja, bibi upande mwingine.

"Shimo," anasema Bi Wasiwasi.

"Nimeliona."

"Hukuliona."

"Nimeliona ulipoliona wewe."

"Babu, jiwe!" anasema Kidoti.

"Nanyi jamani, mtaniacha lini nijikwae kwa raha zangu?" anafoka Fundi Saa, na anauinua mguu juu, juu kabisa, kama jogoo anayevuka dimbwi.