Kitambaa Kwenye Tundu la Nne

"Zima," mkewe alisema. "Zima kabla halijajipeleka lenyewe barabarani."

Mshonaji alizima. Gari lilitikisika mara ya mwisho, likanyamaza. Boneti ilikuwa bado wazi, na juu ya injini ilikaa manifoldi aliyotoka kuifunga, lile bomba la plastiki ngumu lenye matawi manne ya kupeleka hewa kwenye silinda. Nati zote zilikuwa zimekazwa. Ya zamani, iliyokuwa na ufa, ilikuwa barazani karibu na cherehani yake.

Kazi ile aliifanya mwenyewe, taratibu, akipiga picha kila hatua kwa simu na kuweka kila nati kwenye kikombe chake. Mkewe alitaka gari lipelekwe gereji. Mshonaji ndiye aliyesema, niachie mimi. Mkewe akakubali, tena akaenda akajisifu kwa wateja wake kwamba mume wake akiamua jambo halimshindi. Mkewe alikuwa muuza mayai, na gari hilo ndilo lililozungusha trei madukani kila asubuhi.

"Wateja wanataka mayai mazima," alisema sasa. "Kwa mtikisiko huu nitawafikishia yaliyokorogwa tayari."

Mshonaji alitabasamu kidogo. Mkewe hakutabasamu.

"Ni mdogo wangu huyu. Nilijua. Mtu hawezi kuniuzia betri mfu, tukanuniana muda wote ule, halafu mimi huyo huyo nimwamini tena na manifoldi. Ngoja."

Akachukua simu, akatoka nje ya geti.

Mdogo wake aliuza vipuri vilivyotolewa kwenye magari mabovu. Baada ya mambo ya betri hakukanyaga nyumba hii hadi mwaka huu, alipoanza kuja tena Jumapili, akiwabeba watoto wao pacha mabegani kwa zamu na kujifanya hasikii dada yake akimwambia atavunjika mgongo. Manifoldi aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti kama zawadi.

Mshonaji alianza kukusanya vifaa. Ukishatoa manifoldi, matundu ya injini hubaki wazi, na ni lazima uyazibe ili uchafu usidondokee ndani. Aliyaziba kwa vipande vya bitana ya kijani vilivyobaki kwenye koti la mteja. Sasa alivihesabu ndani ya beseni. Vilikuwa vitatu.

Aliangalia chini ya gari. Akapekua mifuko ya aproni. Kisha mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Tundu la mwisho, lile la nyuma kabisa, alilifikia kwa kupapasa. Alikididimiza kitambaa, halafu akaikunja ncha yake kwa ndani, vizuri, kama pindo. Fundi wa magari angeacha mkia unaning'inia nje ili asisahau. Yeye maisha yake yote hakuwahi kuacha ncha ya kitambaa ikining'inia.

Nje ya geti sauti ya mkewe ilikuwa bado inapanda.

Mkewe aliporudi, mshonaji alikuwa ameshafungua mdomo aseme.

"Anakuja," mkewe alisema. "Na akija leo, basi, ndiyo mwisho. Pacha nitawaambia mjomba wao amesafiri."

"Labda tuangalie kwanza."

"Wewe nawe. Una moyo laini, kila siku unamtetea."

Mshonaji aligeukia beseni. Ilikuwa kama kuvalishwa koti la mtu mwingine na kuambiwa limekukaa.

Shemeji yake alifika na jasho, kofia mkononi.

"Dada, niliikagua juani. Nikaikagua na kwa tochi."

"Na ile betri uliikagua kwa tochi?"

Kijana wa watu aliigeuza kofia mkononi. Alimtazama mshonaji, kama mtu anayeomba aazimwe neno. Mshonaji aliinama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Kaa unywe maji, shemeji," alisema. "Nitaifungua mwenyewe."

Alifungua nati moja moja. Hakuwahi kuwa mwepesi wa kazi, lakini leo alijua kwa nini alikuwa akichelewa. Manifoldi ilipotoka, aliingiza kibanio kwenye tundu la nyuma. Kitambaa kilikuwa kimevutwa ndani zaidi, kona moja imetafunwa. Alikitoa kizima. Nyuma yake mke alikuwa anapanga trei kwa kelele, na shemeji alikuwa anatazama maji yake bila kuyanywa. Hakuna aliyeona. Akakitia mfukoni.

Ingekuwa rahisi. Shemeji angeondoka na manifoldi yake, angeleta nyingine, gari lingenguruma vizuri, na lawama ingebaki kwa mtu aliyekwisha kuizoea. Mshonaji alilifikiria jambo hilo hadi mwisho, na lilimtia aibu kuona jinsi lilivyomkaa vizuri kichwani.

Shemeji alisogea, akaichukua manifoldi, akapuliza kila tawi. Kisha akasema chini chini, dada yake asisikie:

"Nilipoitoa kwenye lile gari bovu iliniponyoka, ikaanguka. Sikuona ufa, nikajiambia ni nzima. Itakuwa ndipo ilipoharibika. Utamwambia sikukusudia? Mimi hatanisikiliza."

"Haikuharibika," mshonaji alisema.

Akamwita mkewe. Akatoa kitambaa, akakiweka juu ya rejeta mbele yao.

"Nilikisahau ndani. Manifoldi haina kosa." Kisha akaongeza lile lililokuwa limebaki. "Nilijua ulipokuwa kwenye simu."

Mkewe alikitazama kitambaa, akamtazama yeye.

"Nilikuwa bado sijamaliza kuongea naye?"

"Ulikuwa hujamaliza."

"Ukaniacha nimtukane."

"Ndiyo."

Aligeukia mdogo wake. "Na wewe mbona hukujitetea?"

"Nilijitetea, dada. Ukanitajia betri."

Mke aliingia ndani. Walisikia bomba la jikoni likifunguliwa, likaachwa limwage maji. Shemeji alivaa kofia yake.

"Ungesema mapema ningekucheka mwaka mzima," alimwambia mshonaji. "Sasa hata kucheka nashindwa."

"Unisamehe."

Shemeji alitikisa kichwa, lakini haikuwa ishara ya kukubali wala ya kukataa.

Mke alitokea mlangoni, mikono imelowa. "Usiondoke," alimwambia mdogo wake, akitazama ukuta. "Pacha wakirudi kutoka shule wakukute." Alisimama kidogo, kana kwamba kuna sentensi nyingine inayomfuata nyuma, kisha akarudi ndani.

Shemeji alivua kofia tena.

Mshonaji alifuta uso wa injini, akaweka gasketi ya kuzibia maungio mahali pake, akainua manifoldi ili airudishe. Shemeji alimshika mkono kumzuia. Akachukua tochi, akainama juu ya injini, akamulika tundu la kwanza, la pili, la tatu, akiingiza na kidole. Hakuomba ruhusa. Alipofika kwenye tundu la nyuma, mshonaji alisogea pembeni ili aone vizuri.