Folda ya Mzee Rula

Ofisi nzima ilimwita Mzee Rula, ila kwa Binti Waya, fundi wa kompyuta, alikuwa mjomba, kaka wa mama yake, tumbo moja. Ndiye aliyechora ramani za mabomba yote ya maji ya mji, na kwa kujigamba hakuwa na mpinzani. Kabla hajaenda kupasuliwa nyonga, mkuu wa idara alimshauri kwa upole apite ofisi ya utumishi, ajaze fomu za kustaafu mapema, apumzike. Mzee Rula alicheka.

"Nikiondoka mimi, hawa watatafuta valvu kwa kunusa."

Wiki aliyolazwa, mpwa wake alikuwa na kibarua kizito. Kompyuta za ofisi, zote za mfumo wa Unix, hazikutunza faili za mtu. Faili zilikaa kwenye seva, na programu maalumu iliileta folda ya mtu pale tu ilipofunguliwa, isipofunguliwa, huioni. Zamani kila kompyuta ilikuwa na maelekezo yake ya folda ipi iko wapi, na Binti Waya alichoka kuyarekebisha kompyuta moja moja kama mtu anayelisha kuku kwa kijiko. Akayaweka kwenye saraka moja ya mtandao, yaani orodha ya pamoja, kompyuta zote ziulize huko. Akahamishia folda kwenye seva mpya, akaandika kanuni moja: jina lolote litakaloulizwa, folda yake iko huko. Ikakubali mara ya kwanza. Akajipongeza kwa soda.

Mjomba aliporudi, akitembelea fimbo, wenzake walimchangamkia, wakamvutia kiti, kisha kila mtu akarudi kwenye skrini yake. Akaingiza nywila. Kompyuta ikamjibu kwamba folda yake haipo.

"Binti Waya! Hebu njoo uone mambo!"

"Shikamoo mjomba! Umerudi hata hukuniambia?"

"Marahaba. Ramani zangu ziko wapi?"

Binti Waya aliinamia kibodi. Akatafuta kwenye seva mpya, hamna kitu. Hapo ndipo alipoona alivyoteleza. Siku ya kuhamisha, alinakili folda alizoziona, yaani za watu waliokuwa kazini wamezifungua. Ya mjomba, aliyekuwa kitandani hospitalini, haikuonekana, na Binti Waya hakukumbuka kuifungua. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na seva ya zamani alishaizima, diski zake zilingoja kufutwa. Alitoka mbio kwenda stoo.

Hazikuwa zimefutwa. Alikuwa akiipiga kazi hiyo kalenda kila siku, na kwa mara ya kwanza maishani aliushukuru uvivu wake. Akaiwasha ile seva, akaongeza kwenye saraka mstari wa mjomba peke yake, ukielekeza kwenye seva ya zamani.

"Jaribu sasa."

Ramani zikaja, zote, hadi valvu ya mwisho. Binti Waya alishusha pumzi, nusura amkumbatie.

Mzee Rula hakushangilia. "Zilikuwa hazipo tangu lini?"

"Tangu ulipolazwa. Nisamehe, mjomba."

"Na mwingine angezitaka, angeona nini?"

"Kama ulichoona wewe. Kwamba haipo."

"Angekuja kukupigia kelele."

"Papo hapo. Hawa unawajua."

Mjomba akawatazama wenzake, waliokuwa wameinamia kazi zao. "Mabomba yamepasuka nilipokuwa sipo?"

"Kama kawaida."

"Yakazibwa?"

"Yakazibwa."

"Nani alikuja kuulizia ramani?"

Uongo ulikuwa rahisi. Majina mawili matatu yalishamfika ulimini. Lakini mwanamume huyu hajawahi kukubali kipimo cha kukisia, na angekwenda kuwauliza hao hao mezani kwao. Ilimuuma kusema kweli.

"Hakuna, mjomba."

Mzee Rula aliitikia kwa kichwa. Akaifunga folda, akaegemea fimbo, akainuka.

"Utumishi siku hizi wako ghorofa ya ngapi?"