Mkate Alioung'ata Bibisora

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Aprili, saa kumi kasorobo alasiri. Ergash na mkewe Bibisora walikuwa wametembea mji wa Bukhara siku nne, wakilala jirani na marafiki zao wa zamani, Normurod na Zulayho. Asubuhi ile ya kuondoka, Zulayho alimng'atisha Bibisora mkate, akautundika ukutani. Ndiyo desturi: msafiri huuma mara moja, mkate humngoja arudi aumalize.

Bibisora akataka kuuona mnara mkongwe wa mji mara ya mwisho. Wakakatiza mtaa wa kale, uliokuwa ukibomolewa ili mabasi ya watalii yapate pa kuegesha. Tingatinga likasukuma ukuta, ukamwangukia Bibisora. Kichwa kikapasuka upande wa kushoto, akafa palepale.

"Niliambiwa hamna mtu humu!" dereva akapiga kelele.

Ergash akaokota tofali, akamvunja taya. Alifungwa siku kumi na tano. Cheti cha kifo walichotoa wakubwa kikasema marehemu alikufa kwa ugonjwa wa moyo.

Siku ya arobaini Bibisora aliingia kwa Zulayho, vumbi la matofali mwilini, ubongo ukichungulia, akaomba mkate wake.

"Karibu, shoga. Umechelewa, chai imepoa."

Alikula. Kila alipong'ata, jino lilibaki mkateni. Kilipobaki kipande cha kutosha kiganja, Ergash, aliyekuja kwa arobaini, akamshika mkono.

"Usimalize, mama watoto. Ukimaliza ndiyo basi tena, hutarudi. Twende kwanza ukajisemee."

Kwenye ofisi ya vyeti karani alitazama kichwa, akatazama cheti.

"Mama, hapa imeandikwa moyo."

"Moyo wangu mzima. Huu hapa."

Akatia mkono kifuani, akautoa, akauweka mezani. Ulikuwa unapiga. Karani akausogeza kwa rula usilowanishe mafaili.

"Hauna muhuri," akasema.

Ergash akampasua pua. Askari wakamvunja Ergash mbavu mbili, wakamburuta ngazini, kichwa kikigonga kila kidato. Bibisora akaufunga moyo wake kwenye leso, pamoja na kile kipande cha mkate.

Maegesho yalifunguliwa mwezi wa nane, wakubwa wakakata utepe. Bibisora hukaa pale palipokuwa na ukuta. Mabasi humkanyaga, naye huinuka, hujipangusa, humfuata kila anayeshuka kwenye gari jeusi la wakubwa. Njaa inamuuma, na mkate anao mkononi, lakini hauli mpaka ajibiwe:

"Nani aliyesema hamna mtu?"